Uhamisho wa Bure Ndio Mtaji Wako

Katika Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambapo unajenga kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachokifanya uwanjani, raundi ikimalizika, kabla hata pointi za bonasi hazijathibitishwa, mameneja wengi huwa tayari wameshafanya kosa la wiki inayofuata. Wamemuuza aliyewaudhi na kumnunua aliyewaliza. Mshambuliaji aliyekosa nafasi mbili za wazi anatupwa nje, na kiungo aliyefunga mawili Jumapili akiwa kwenye vikosi vya wengine anaingizwa mbio mbio usiku uleule. Naamini haraka hii inakula pointi nyingi kuliko majeraha na maamuzi ya VAR yakijumlishwa, na inakula taratibu kiasi kwamba mwenye kikosi haioni hadi Mei.

Hoja yangu ni hii: mtaji mkubwa wa meneja wa Fantasy si zile milioni 100 anazopewa mwanzoni mwa msimu. Fedha kila mtu anapewa sawa, na baada ya miezi michache vikosi vingi huwa vinafanana kwa zaidi ya nusu. Mtaji unaowatenganisha watu ni ule uhamisho mmoja wa bure unaoingia kila raundi, yaani ruhusa ya kumuuza mchezaji mmoja na kumnunua mwingine bila kukatwa pointi. Anayeutumia kwa sababu ana hasira na anayeutumia kwa sababu jambo fulani limebadilika uwanjani wanacheza michezo miwili tofauti, ingawa wote wawili wanabonyeza kitufe kilekile.

Kanuni zenyewe zimeipa hoja hii nguvu. Zamani ungeweza kuweka akiba ya uhamisho mmoja tu, ukawa na miwili kwa raundi moja. Usipoitumia, wa tatu ulikuwa unapotea. Kuanzia msimu wa 2024/25 unaruhusiwa kulimbikiza hadi mitano. Mitano ni theluthi ya kikosi cha wachezaji 15. Mwenye uhamisho mitano mkononi anaweza kuubomoa mhimili wa timu yake na kuujenga upya ndani ya dirisha moja bila kukatwa hata pointi moja, tena bila kugusa ile kadi maalumu ya kubadili kikosi kizima kwa mara moja. Hata hivyo bado tunawaona watu wakitumia kila wiki uhamisho wao mmoja kumtoa beki wa milioni 4.5 na kumleta beki mwingine wa milioni 4.5, eti kwa sababu mechi ijayo inaonekana nyepesi.

Tuipige hesabu. Mchezo wenyewe umeshaweka bei ya uhamisho wa ziada: pointi 4. Sasa chukua mchezaji ambaye kwa wastani anakupa pointi 3.5 kwa raundi, mbadilishe na anayetarajiwa kukupa 4. Umepata nusu pointi kwa wiki. Ukimshika kwa raundi sita umepata pointi 3. Umetumia kitu chenye bei ya 4 kununua kitu chenye thamani ya 3, na sijahesabu uwezekano kwamba wiki ya pili mtu wako mwingine ataumia na utalazimika kukatwa nne kwa sababu akiba huna. Bei hiyo ya 4 ni halali kwako pale tu unapokuwa na nafasi ya kuja kuuhitaji uhamisho huo baadaye. Ukishafikisha mitano, wa sita hauingii, kwa hiyo hapo hata badiliko dogo ni bora kuliko kuuacha upotee. Chini ya hapo, kila unapotaka kubonyeza, jiulize kama faida unayoiona inafika nne kwa kipindi chote unachopanga kumtunza mchezaji huyo.

Kukatwa nne kwenyewe kunaeleweka vibaya. Watu husema, "Huyu majeruhi ni sifuri, yule atanipa sita, kwa hiyo nikikatwa nne bado nina mbili." Wamesahau benchi. Mchezaji asipocheza kabisa, mfumo unamwingiza wa benchi badala yake, na mtu wa benchi anayecheza dakika 60 bila kufanya lolote anakupa pointi 2, mara nyingine zaidi. Kwa hiyo usilinganishe sita na sifuri. Linganisha sita na mbili au tatu. Bryan Mbeumo alimaliza msimu wa 2024/25 akiwa na Brentford kwa pointi 236, mmoja wa wachezaji waliovuna zaidi katika mchezo mzima, na huo ni wastani wa pointi 6.2 kwa raundi. Ukatwe nne kumleta mtu wa kiwango hicho kwa wiki moja, badala ya mtu wa benchi anayeleta 2.5, unapata 3.7. Bado umepungukiwa. Na hapo tumemleta mchezaji wa kiwango cha juu kabisa. Wengi tunaowakimbilia kwa kukatwa hawafiki hapo.

Kukatwa kunalipa katika hali chache: benchi lako limekauka na utaingia uwanjani na watu tisa, au timu ya mtu unayemleta ina mechi mbili katika raundi moja, au badiliko lenyewe ni la muda mrefu na ukilichelewesha wiki moja unapoteza mechi ambayo hukutaka kuikosa, hasa kama mtu huyo ndiye utakayempa kitambaa cha unahodha, kinachozidisha pointi zake mara mbili. Nje ya hapo, unanunua usingizi wa usiku mmoja.

Basi ni wakati gani wa kuuza na kununua? Jibu langu ni kutoangalia pointi kwanza. Pointi ni matokeo ya mambo yaliyokwisha kutokea. Kinachokuambia lolote kuhusu wiki tatu zijazo ni dakika, nafasi anayocheza, nani anapiga penalti na mipira ya kutengwa, na watu wanaomzunguka uwanjani. Moja kati ya hayo likibadilika, una sababu ya kufanya uhamisho. Yasipobadilika, una hasira tu.

Mfano ulio bora zaidi kwangu ni Cole Palmer wa 2023/24. Alihama Manchester City kwenda Chelsea dirisha lilipokuwa linafungwa, Septemba mosi 2023, akiwa na bei ndogo kwenye mchezo kwa sababu City alikuwa wa akiba. Tarehe 7 Oktoba Chelsea walikwenda Burnley, ikapatikana penalti, na akaipiga yeye, kijana aliyekuwa na wiki chache tu klabuni. Bao moja la penalti si habari kubwa kwa mtu anayetazama jedwali la pointi. Kwa mtu anayetazama mabadiliko, habari ilikuwa kubwa sana: kiungo wa bei chee, aliyekwisha kuingia kikosi cha kwanza, katika timu inayoshambulia, amekabidhiwa mpira wa penalti. Walioingia wakati huo walimpata kabla bei haijapanda. Alimaliza msimu na mabao 22 ya ligi, 9 kati ya hayo kwa penalti, na pointi 244, akiongoza mchezo mzima.

Ilivyofika Aprili mwaka uliofuata, jambo hilo lilionekana hata kwa macho. Chelsea wanaifunga Everton, penalti inatolewa, na Noni Madueke na Nicolas Jackson wanagombania mpira waipige wao. Wanasukumana. Conor Gallagher, aliyekuwa nahodha siku hiyo, anauchukua mpira na kumpa Palmer, naye anafunga bao lake la nne la usiku ule katika ushindi wa 6-0. Kocha Mauricio Pochettino hakuuficha ukali wake baada ya mechi. Tukio lile watu walilizungumza kama utovu wa nidhamu, lakini kwa meneja wa Fantasy lilikuwa taarifa ya kazi: ndani ya timu ile, wenzake wanapogombana, kuna utaratibu, na utaratibu unasema penalti ni ya Palmer. Tazama mechi ukiwa na swali kama hilo kichwani na utaona mambo ambayo jedwali halitakuonyesha.

Upande wa pili wa shilingi ni Erling Haaland, mshambuliaji wa Manchester City, mwanzo wa 2024/25. Mechi tano, mabao 10, miwili kati ya michezo hiyo akifunga matatu matatu. Alianza msimu akiwa na bei ya milioni 15, yaani asilimia 15 ya fedha zote, na bado watu walivunja vikosi vyao kumpata, wengine kwa kukatwa nane. Alimaliza na mabao 22 katika mechi 31. Maana yake, baada ya zile tano, alifunga 12 katika mechi 26. Hicho bado ni kiwango kizuri kwa mshambuliaji yeyote, lakini sicho walichokilipia walioingia baada ya mechi ya tano. Walinunua kasi ambayo hakuna binadamu anayeidumisha. Hakuna kilichobadilika katika nafasi yake, dakika zake wala penalti zake kati ya Agosti na Septemba. Alikuwa Haaland yuleyule wa mwaka uliotangulia aliyepata mfululizo mzuri. Msimamo wangu ni kwamba mfululizo wa mabao pekee, bila badiliko jingine nyuma yake, si sababu ya kununua. Ukimkosa mtu katika wiki yake ya mabao matatu, pointi zile zimekwenda. Kumnunua Jumatatu hakuzirudishi.

Msomaji makini ataniuliza: je, hii si njia ya kuhalalisha ukaidi? Ni swali la haki, na Palmer huyohuyo ndiye anayelijibu. Tarehe 28 Septemba 2024 alifunga mabao manne dhidi ya Brighton kabla ya mapumziko, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika Ligi Kuu ya Uingereza, akaondoka na pointi 25. Kisha, kuanzia katikati ya Januari 2025, alikaa hadi tarehe 4 Mei bila bao la ligi. Mwezi Machi hata penalti, silaha yake kuu, ikaokolewa na kipa wa Leicester. Waliomshika miezi yote hiyo wakisema "atarudi tu" hawakuwa na subira ninayoizungumzia. Subira ina masharti. Mwanzoni mwa Februari Chelsea walimpoteza Jackson kwa jeraha la misuli ya paja, na timu ikabaki bila mshambuliaji wa kuwavuta mabeki na kumfungulia Palmer njia. Hilo ni badiliko. Lilitangazwa, lilijulikana lingechukua wiki nyingi, na lilikuwa sababu tosha ya kumtoa mchezaji wa bei kubwa na kutumia fedha zake kwingine. Ukame wa wiki mbili peke yake usingetosha. Ukame uliokuja pamoja na safu ya mbele kuvunjika unatosha kabisa.

Mohamed Salah naye anafundisha jambo hilohilo kutoka pande zote mbili. Msimu wa 2024/25 akiwa na Liverpool alifunga 29, akatoa pasi 18 za mabao, akamaliza na pointi 344, rekodi ya mchezo huu, akiivunja ile ya 303 aliyoiweka mwenyewe 2017/18. Alicheza mechi zote 38 za ligi na penalti zilikuwa zake. Katika msimu kama huo kumuuza kwa sababu ya wiki mbili za ukimya ni kujidhuru. Lakini bei yake ilipopanda kutoka milioni 12.5 hadi 14.5 mwanzoni mwa 2025/26, bei ile ilikuwa kumbukumbu ya msimu uliokwisha. Trent Alexander-Arnold, aliyekuwa nyuma yake upande wa kulia kwa miaka, alikuwa amekwenda Real Madrid. Luis Díaz ameuzwa, Darwin Núñez ameuzwa, safu ya mbele ni mpya. Mwishoni mwa Novemba 2025 kocha Arne Slot akamwanzisha benchi dhidi ya West Ham. Dalili zilikuwapo tangu kiangazi kwa aliyekuwa anaangalia watu waliomzunguka Salah badala ya zile 344.

Nimesema fedha si mtaji mkubwa, ila kuna kanuni moja ya fedha ambayo inaunga mkono subira na wengi hawaijui vizuri. Mchezaji akipanda bei, unapomuuza unapata nusu tu ya faida, tena inapunguzwa hadi desimali ya chini. Umemnunua kwa 7.0, amefika 7.3: ukimuuza unapewa 7.1. Ukijuta wiki mbili baadaye na kumtaka tena, unalipa 7.3. Umetumia uhamisho miwili na umepoteza 0.2 ili urudi ulikokuwa. Wanaouza na kununua watu walewale mara tatu kwa msimu hujikuta Machi wamepungukiwa fedha za kumpandisha kipa au beki mmoja, na hawajui zimekwenda wapi. Kukimbilia kununua Jumanne ili uwahi kupanda kwa 0.1 nako kuna gharama: kati ya Jumanne na Jumamosi kuna mechi za Ulaya, mazoezi na mikutano ya makocha na waandishi. Sioni kwa nini mtu auze taarifa zote hizo kwa laki moja ya mchezoni. Kama mtu hachezi katikati ya wiki na una uhakika naye, sawa. Vinginevyo subiri hadi makocha wazungumze. Dirisha linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na sehemu kubwa ya habari za maana hutoka katika siku mbili za mwisho.

Hapo ndipo tunafika kwenye upangaji wa kikosi, na katika upangaji kitu cha kwanza, cha pili na cha tatu ni unahodha. Nahodha pointi zake zinazidishwa mara mbili, kila wiki, mara 38. Rudi kwenye 2024/25: aliyemwachia Salah kitambaa msimu mzima alipata nyongeza ya pointi 344. Aliyekuwa anakirusha kitambaa huku na huko na akawa anaangukia wastani wa Mbeumo, ambao ni wastani wa mtu wa daraja la juu, alipata 236. Tofauti ni 108. Ni sawa na kukatwa nne mara 27. Hakuna aliyejua Agosti kwamba zingekuwa 344, ninakubali, lakini kufikia Novemba kila mtu alikuwa ameona nani anacheza dakika zote na nani anapiga penalti. Walioendelea kutafuta nahodha wa kipekee wiki hadi wiki, ili waonekane wamewaza tofauti, walilipa gharama kubwa kwa ajili ya fahari.

Dakika, kwa nahodha, ni muhimu kuliko ubora wa mpinzani. Kuna mtego mmoja ambao kanuni zimeuficha vizuri. Nahodha asipoingia uwanjani kabisa, msaidizi wake anachukua kitambaa. Akiingia dakika ya 88 akagusa mpira mara mbili, anapata pointi 1, inazidishwa kuwa 2, na msaidizi wako aliyefunga mawili anabaki na zake za kawaida. Ni hivyohivyo kwa mchezaji wa kawaida: akiingia hata kwa dakika moja, wa benchi haingii. Kwa hiyo mchezaji ambaye kocha amesema "tutamwangalia asubuhi" ni hatari kuliko yule aliyetangazwa kuwa nje. Aliye nje anakupa benchi lako. Anayetoka kwenye jeraha anaweza kukupa pointi 1 na kulifunga benchi. Mchezaji wa namna hiyo mimi humweka mwenyewe benchi namba moja: mwenzake asipocheza ataingia, na akicheza nusu saa hajamzuia mtu.

Mpangilio wa benchi watu huufanya bila kufikiri, na ni kazi ya sekunde kumi. Mfumo unafuata namba zako, wa kwanza ndiye anayeingia kwanza, mradi kikosi kibaki na mabeki watatu, viungo wawili na mshambuliaji mmoja. Anayepaswa kuwa wa kwanza ni yule mwenye uhakika mkubwa wa kucheza dakika 60. Jina kubwa si kigezo.

Wiki za Ulaya zinahitaji macho zaidi. Tangu 2024/25 hatua ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa ina mechi nane badala ya sita, na makocha wenye vikosi vipana wanazidi kupumzisha watu. Pep Guardiola amewatesa mameneja kwa miaka kwa jambo hilo. Sitarajii mtu akisie nani atapumzishwa, hilo halikisiki. Ninachoshauri ni kutomiliki watatu wa timu moja ya namna hiyo, wote wakiwa washambuliaji au mawinga wanaogombania nafasi zilezile. Mmoja asiyebadilishwa, basi. Ukiwa na benchi la watu wanaocheza kwelikweli katika timu ndogo, huna haja ya kuogopa kila orodha ya kikosi inapotoka kabla ya mechi.

Na mabeki? Hapa mawazo yangu yamebadilika pamoja na kanuni. Zamani beki wa kati wa timu inayoshambuliwa sana hakuwa na thamani: timu inafungwa, zile pointi 4 za kutoruhusu bao zinakwenda, na kila mabao mawili yakiingia anakatwa moja. Kuanzia 2025/26 beki anayefikisha matendo 10 ya ulinzi, kwa kujumlisha kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kukaba, anapata pointi 2. Viungo na washambuliaji wanahitaji 12, ila wao wanahesabiwa na mipira wanayoirudisha. Beki wa kati anayesimama ndani ya boksi na kuipiga mipira kichwa alasiri nzima sasa anaweza kupoteza mechi 1-0 na kukuletea pointi 4. Hili linabadilisha uamuzi wa Jumamosi: kati ya beki wa pembeni wa timu kubwa anayeweza kutolewa dakika ya 60, na beki wa kati wa timu ya katikati ya jedwali anayemaliza kila mechi, wa pili si wa kubezwa tena. Na kwa sababu idadi ya matendo ya beki haiyumbi sana kutoka wiki hadi wiki kama mabao yanavyoyumba, huyu ni mtu wa kumnunua mara moja na kumsahau, jambo linalokuachia uhamisho wako kwa ajili ya safu ya mbele.

Kuhusu zile kadi maalumu sitasema mengi. Msimu wa 2025/26 kila meneja alipewa seti mbili, moja kwa kila nusu ya msimu, na isiyotumika katika nusu ya kwanza inapotea. Hilo limewafanya watu wazitumie mapema kwa kuogopa kuzipoteza. Nadhani ile ya kubadili kikosi kizima inaharibiwa kuliko zote, kwa sababu inatumika siku mtu alipopata pointi 31, wakati kazi yake halisi ni kupanga wiki sita au saba zinazofuata. Msimu huohuo waandaaji waliwajazia mameneja wote uhamisho hadi mitano kuelekea raundi ya 16, kwa sababu ya Kombe la Mataifa ya Afrika lililoanza Morocco Desemba 21. Aliyekuwa ameshajilimbikizia mitano hakupata nyongeza. Aliyekuwa ameutumia wote alipewa yote mitano. Kanuni ya namna hiyo inapotangazwa mapema, kama ilivyotangazwa, mwenye akili hutumia akiba yake yote kabla ya siku hiyo. Subira bila kusoma kanuni ni uzembe tu.

Linabaki suala la unacheza dhidi ya nani. Ushauri mwingi unatolewa kana kwamba sote tunashindana na mameneja zaidi ya milioni kumi duniani, wakati wengi wetu tunachojali ni ligi ndogo ya watu kumi na wawili tunaofahamiana. Katika ligi hiyo asilimia za dunia hazina maana. Mchezaji anayemilikiwa na wachache duniani anaweza kuwa kwa wengi wa wapinzani wako, na hapo hana upekee wowote. Fungua kikosi cha anayekufuata au anayekutangulia, tazama cha raundi iliyopita, tazama anavyofanya uhamisho wake. Mtu anayekatwa nne kila baada ya wiki mbili utamjua kwa kusoma historia yake, na mtu huyo huhitaji kumkimbiza; mwache ajikate.

Ukiwa unaongoza, nahodha wa mpinzani wako ndiye nahodha wako, hata kama moyo wako uko kwa mwingine, mradi tofauti ya ubora si kubwa. Ukifanana naye kwenye kitambaa, amebaki na wachezaji wanne au watano tofauti wa kukuvutia chini. Ukiwa nyuma, geuza. Umepungukiwa pointi 40 na zimebaki raundi sita: unahitaji kumpita kwa karibu pointi saba kila raundi. Kumfuata nahodha wake kunakupa sifuri ya tofauti mahali penye pointi nyingi zaidi. Hapo ndipo nahodha wa kipekee anapopata maana, na huhitaji watano wa ajabu, mmoja mwenye dakika za uhakika na penalti anatosha, akipewa kitambaa wiki ambazo mpinzani hawezi kumpata bila kuvunja kikosi chake.

Na kabla hujajiona salama, hesabu kadi alizobakiza. Zimeandikwa kwenye ukurasa wa kikosi chake, zilizotumika na tarehe zake. Mpinzani aliye nyuma kwa pointi 15 akiwa bado na kadi ya kuhesabu benchi, na mbele kuna raundi ambayo timu kadhaa zina mechi mbili, hayuko nyuma. Benchi la watu wanne wenye mechi mbili kila mmoja, wakipata pointi 2 tu kwa kila mechi, ni 16.